Nani Alinyoosha Mkono Kwanza

Herbert Oketcho alimpa mkono mama mkwe wake Jumapili ya sadaka ya mavuno, nje ya kanisa huko Kisoko, saa tano na nusu asubuhi, mbele ya waumini wote na kwaya. Hakuinama kwa mbali kama inavyotakiwa. Walishikana mkono hasa, wa kulia kwa wa kulia, kisha wa kushoto nao ukaja kukaza, wakatikisana kama wagombea wawili waliokutana mbele ya wapiga kura. Walipoachana, kwaya ilikuwa imenyamaza katikati ya ubeti.

Kama wewe si wa huku utauliza, sasa kosa liko wapi? Haya, nisikilize. Kwa Wapadhola, kabila la huku mashariki ya Uganda, mwanamume na mama wa mkewe hawagusani. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja wao anaingia kwenye mihogo ya watu mpaka mwenzake apite. Wanaweza kuzungumza, ndiyo, lakini kuwe na ukuta au mlango katikati. Herbert alikuwa ameingia kwenye mihogo kwa miaka kumi na mmoja, na mara moja aliingia kwenye mzinga wa nyuki, akakaa humo humo mpaka mama akapita. Hakuwahi kulalamika. Alimheshimu yule mama kwa moyo wake wote, na ndiyo maana siku ile alitamani ardhi immeze na viatu vyake.

Mkewe, Carol Akello, alikuwa hatua tatu nyuma yake na kikapu cha viazi vya sadaka. Viazi vyote vilimwagika. Mama mkwe mwenyewe, mama Athieno, alijifunika uso kwa kitenge akaondoka mbiombio bila kusema neno.

Aliyesema alikuwa Rasto, kaka yake Carol. Rasto ni mwalimu wa nidhamu katika shule moja ya Busia, na mtu akishakuwa mwalimu wa nidhamu miaka kumi na minane, hata mbuzi wake nyumbani hutembea kwa mstari. Alisimama juu ya ngazi za kanisa akatangaza kwamba huu ni ugonjwa au ni dharau, moja kati ya mawili. Kama ni ugonjwa, uthibitishwe. Kama ni dharau, ng'ombe wa mahari watarudishwa, na Carol hatarudi kwa mumewe huko Kwapa. Kikao cha ukoo kiliwekwa baada ya wiki tatu, na mpaka siku hiyo Carol na binti zake wawili wangekaa kwao Kisoko.

Kabla hajaondoka, Carol alimfuata mumewe mpaka barabarani.

"Tafuta kitu cha kushikika, Herbert," alimwambia. "Kaka yangu neno samahani halimwingii masikioni."

Basi Herbert akarudi Kwapa peke yake kwenye nyumba tupu. Asubuhi yake alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote, maana hakukuwa na mtu wa kumwambia ni chumvi.

Sasa, ukweli ni kwamba Herbert mwenyewe hakujua ilikuwaje. Alikumbuka kutoka kanisani, alikumbuka jua kali, kisha akajikuta ameshika mkono wa mtu na mtu huyo ni mama Athieno. Hapo katikati palikuwa peupe. Na waliokuwapo nao walitazama jambo lilipokwisha kutokea, kwa hiyo wote walisema ni yeye aliyeanza. Nani mwingine? Herbert alikuwa anajulikana kwa kusahau toka Busia mpaka Tororo.

Hakuwa hivyo zamani. Alikuwa dereva wa Dauda, mfanyabiashara wa mayai wa Busia, na njia zote za kwenda upande wa Kenya alizijua kwa kichwa: mteja gani yuko kichochoro gani, nani anataka trei ngapi, mbwa wa nani anauma. Kisha ukaja mwaka ule wa corona, madereva wakapangwa foleni mpakani siku nne wakichomwa pamba puani, na Herbert akaugua wiki tatu. Homa iliondoka. Kifua kikafunguka. Lakini kichwa hakikurudi chote. Alikuwa akianza sentensi vizuri, halafu mwisho wake unapotea, anabaki amefungua mdomo. Siku moja alipeleka mayai upande wa Kenya, akashuka kununua soda, akarudi Uganda kwa miguu, akavuka mpaka akiwasalimu askari vizuri kabisa, na kufika kwa Dauda akaripoti kwamba lori limeibiwa. Lori lilikutwa pale pale alipoliegesha, injini inanguruma, trei mia tatu juu.

Dauda hakumfukuza. Alimwondoa kwenye usukani akampa kazi ya kukagua mayai yaliyopasuka, kazi isiyohitaji kumbukumbu, maana yai likipasuka linajisema lenyewe. Ndiyo maana viatu vya Herbert vilikuwa na ute wa mayai uliokauka, kisigino mpaka kidole, kipindi chote. Mvua haikuutoa na brashi haikuutoa.

Ni Dauda huyo huyo aliyempa shauri. Alimwambia kwamba mpwa wake, Sakinah, ni muuguzi kule Tororo, kwenye jengo la utafiti lenye paa la bluu ng'ambo ya reli, na kwamba wanatafuta watu ambao corona iliwaachia usahaulifu. Wanawatoa damu na kutafuta ndani yake alama za ule ugonjwa.

"Mficha maradhi kifo humwumbua," Dauda alisema. "Wewe nakwenda Tororo. Damu yako nasema, daktari naandika, nagonga muhuri. Rasto ni mwalimu, bwana. Mwalimu nani ameshinda muhuri?"

Herbert aliona mwanga. Alivaa shati la harusi yake, akapanda pikipiki, akaenda Tororo siku ya Jumanne akiwa na hakika kwamba Jumatano mkewe atakuwa nyumbani.

Daktari Ebong alikuwa mtu wa kabila la Wateso, mrefu, mpole, mwenye desturi ya kufuta miwani kila akitaka kusema jambo gumu. Alimweleza Herbert kwamba virusi huondoka, lakini wakati mwingine mwili haujui kwamba vimeondoka. Askari wa mwili wanaendelea na doria, na kwa kuwa adui hayupo, wanavunja vyombo vya nyumbani. Nyuzi za fahamu kichwani zikichubuka, vipande vidogo sana vya protini yake huvuja mpaka kwenye damu, na huko ndiko wao wanakovitafuta, pamoja na dalili za uvimbe na vibonge vidogo vya damu vinavyokataa kuyeyuka. Herbert alisikiliza kwa makini sana. Daktari alipomaliza, Herbert akauliza kama katika hivyo vipande kuna mahali panapoonyesha kwamba mtu alimshika mama mkwe bila kukusudia.

Daktari alifuta miwani. Akasema hapana. Akasema pia kwamba hata zile alama zenyewe bado wanazichunguza: wanalinganisha mamia ya watu waliosahau na mamia ya wasiosahau, ndipo wapate picha. Kumchukua mtu mmoja na kusema damu yako inathibitisha hili, hawawezi bado. Barua ya kuonyesha kwamba ameshiriki atampa. Cheti cha kwamba ni mgonjwa wa kusahau, hapana.

Unaona basi. Mtu ametoka Kwapa na shati la harusi, anaambiwa damu yake peke yake haitoshi kusema kitu. Herbert alisononeka, lakini alikuwa ameshafika, akaona afadhali barua kuliko mikono mitupu.

Sakinah alimchukua kwenye chumba kidogo kilichogawanywa na pazia la kijani. Upande huu meza ya maswali, upande ule kitanda cha kutolea damu. Alimsomea maneno matano ayashike: embe, nyundo, kanisa, samaki, mwavuli. Kisha akamwuliza mambo mengine, akamchoresha saa, akarudi kuuliza yale maneno. Herbert alitoa embe, samaki na kanisa. Akafikiri sana, jasho likamtoka, akasema mayai. Sakinah alimwambia kwa upole kwamba mayai hayakuwapo. Herbert akasema kwamba kwake yeye yapo kila siku.

Baada ya damu Sakinah alimwambia alale dakika kumi nyuma ya pazia, halafu angemwita kwa maswali ya mwisho. Yeye akaenda kuweka chupa kwenye friji. Herbert akalala akitazama dari. Mlango ukafunguliwa, Sakinah akarudi na mtu mwingine, akamketisha mezani, na bila shaka alidhani Herbert ameshatoka kwenda kunywa chai kama wanavyofanya wengine. Yule mtu akatoa salamu.

Ilikuwa sauti ya mama Athieno.

Herbert aliruka kitandani akasimama ukutani. Mlango mmoja, na mama mkwe kati yake na mlango. Dirisha lilikuwepo, lakini lilikuwa na nondo. Kukohoa hawezi, kutoka hawezi, kujitokeza ndiyo kabisa, mtu ambaye tayari ana kesi moja ya kumgusa hawezi kuongeza ya kumfungia chumbani. Akabana pumzi, akajibandika ukutani, na akamwomba Mungu amjalie asipige chafya.

Huko mezani Sakinah alisoma maneno yake matano. Alipoyauliza tena, mama Athieno aliyajibu kwa sauti kubwa, bila kusita, maneno matano kamili, na hakuna hata moja lililokuwemo. Alisema sufuria. Alisema askofu. Sakinah akaandika kimya. Kisha akamwuliza kama usahaulifu umewahi kumletea shida kwa watu. Mama Athieno akajibu kwa sauti iliyoshuka.

Alisema kwamba Jumapili ya mavuno alitoka kanisani akaona kijana mwenye uso wa kupendeza, akajua ni yule fundi aliyemwezekea jiko kwa bati. Akamnyooshea mkono. Kijana naye alionekana hajielewi, akaupokea. Akaongeza wa pili kwa shukrani, maana lile jiko halivuji. Mpaka watu waliponyamaza ndipo akaona ni mume wa binti yake. Sasa kijana wa watu ana kesi, na binti yake analia kila jioni akidhani mama hasikii.

"Usiwaambie watoto wangu," alisema. "Rasto akijua, atanihamishia Busia chumba cha nyuma, niletewe uji kwenye kikombe. Na shamba langu la wimbi nani atalima?"

Sakinah alimwahidi kwamba yanayosemwa pale yanabaki pale.

Nyuma ya pazia Herbert alisikia kila neno. Kumbe si yeye! Wiki mbili amejilaumu mpaka amekonda, kumbe mkono wake ulipokea tu, haukuanza. Furaha ilimpanda mpaka kooni, na karibu acheke. Kisha akasikia mama Athieno akipenga kamasi, pole pole, na ile furaha haikupata pa kukaa.

Wakati huo huo Sakinah akakumbuka kwamba kuna mtu wa maswali ya mwisho. Akafungua mlango akaita kwenye ukumbi, "Herbert Oketcho!" Kimya. Akaita tena. Herbert alikuwa mita mbili nyuma yake, amefumba macho, anajifanya si yeye. Aliitwa mara nne, jina lote, kwa sauti ya mtu anayeuza samaki sokoni, na mara zote nne hakuitikia. Sakinah akachukua kalamu akaandika kitu kwenye fomu. Mama Athieno akainuka, akaomba kuonyeshwa njia ya kutokea, akaenda zake, na walipotokomea ukumbini Herbert naye akachomoka.

Barua ilitolewa Ijumaa. Ilikuwa na muhuri mzuri wa mviringo, wa zambarau. Ilisema kwamba Herbert Oketcho ameshiriki katika utafiti wa matatizo ya kumbukumbu baada ya maambukizi ya virusi, na chini, kwenye maoni ya muuguzi, ilisema: Aliitwa kwa jina lake mara nne, hakuitikia.

Dauda alipoisoma alipiga kofi kwa furaha. Alisema mtu asiyejua jina lake atajuaje mama mkwe? Kesi imekwisha, alisema, wewe nakwenda kuchukua mke. Herbert hakumwambia aliyoyasikia. Hakumwambia mtu yeyote. Usiku na mchana aligeuza jambo lile moja kichwani, na ajabu ni kwamba hilo, katika mambo yote, alishindwa kulisahau. Akisema alichosikia, Carol anarudi siku hiyo hiyo na watoto wake. Akikaa kimya, ana barua tu. Lakini alimjua mama Athieno. Mwanamke yule alibaki mjane na watoto wadogo, akawalea wote kwa jembe lake, na kila asubuhi alikuwa shambani kabla ya jogoo kuamua kuwika. Kumtoa kwenye wimbi wake kumweka chumba cha nyuma ilikuwa sawa na kumzika akiwa anapumua. Na je, aliyemheshimu kwa miaka kumi na mmoja kwenye mihogo, aje amvue nguo mbele ya ukoo?

Siku ya kikao ikafika. Wazee waliketi uani kwa mama Athieno wakizunguka chungu cha pombe ya wimbi, yaani ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu, maana kesi kavu haiendi. Carol alikaa upande wa wanawake na binti zake. Mama Athieno, kama desturi inavyotaka, alikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliorudishwa, asikie bila kuonekana na mkwewe.

Herbert akatoa barua. Mwenyekiti wa ukoo, mzee aliyekuwa na macho mabaya, akampa Rasto aisome. Rasto aliisoma kwa sauti ya darasani, na alipofika kwenye yale maoni ya muuguzi aliyasoma mara mbili. Wazee waliacha kunyonya. Minong'ono ya huruma ikapita, na kwa dakika moja Herbert aliamini kwamba Dauda ni nabii.

Kisha Rasto akakunja barua. Alisema vizuri, ugonjwa umethibitishwa na muhuri upo. Sasa yeye kama kaka anauliza swali moja: ni nani hapa angemkabidhi dada yake na watoto wawili kwa mtu asiyejua hata jina lake? Mtu aliyeacha lori nchi ya watu, kesho si ataacha watoto? Kama alifanya kwa dharau, Carol abaki. Kama alifanya kwa ugonjwa, Carol abaki zaidi.

Mama yangu. Herbert alitazama ile barua mkononi mwa Rasto akaona imegeuka nyoka. Wazee walitikisa vichwa, na vichwa vile havikutikisika upande wake. Carol alikuwa amemkumbatia binti mdogo, anamtazama mumewe kwa macho ya mtu anayesema kwa kimya, sema kitu, chochote.

Mwenyekiti akaweka mrija chini. Alisema kabla ya kukata shauri kuna jambo moja desturi inalouliza, ili mbuzi wa kutakasa ajulikane atatoka boma gani. Nani alinyoosha mkono kwanza?

Wazee wote wakamgeukia. Herbert akafungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, umeiva, na akiutamka tu amepona. Akatazama ule mlango uliorudishwa. Akafikiria kikombe cha uji.

"Mimi," akasema.

Carol aliinamisha kichwa. Herbert aliona mabega yake yakitikisika, na akajua amempoteza, na bado neno lile hakulirudisha. Mwenyekiti akapumua, akachukua fimbo yake ili asimame kutoa uamuzi.

"Rasto, kaa chini," ilisema sauti kutoka ndani.

Rasto alikuwa ameshaketi, lakini alikaa tena. Mlango ukasogea kiasi cha kiganja, na katika ule mwanya ukatoka mkono. Mkono tu, mpaka kwenye kiwiko, mkavu, wenye sugu za jembe, ukasimama hapo mbele ya ukoo mzima.

"Mkono ulioanza ni huu," alisema mama Athieno. "Nilidhani ni fundi wa bati."

Hakuna aliyecheka. Akaeleza yote kutoka nyuma ya mlango, bila kujihurumia: alivyokwenda Tororo kwa siri na kusema anakwenda kununua chumvi, alivyopimwa, alivyosema sufuria na askofu. Akasema muuguzi alipoita jina la Herbert mara ya kwanza, yeye aliangalia chini, akaona chini ya pazia viatu viwili vyenye ute wa mayai, na katika wilaya hizi mbili anayevaa viatu hivyo ni mtu mmoja. Akajua amesikia kila kitu.

"Basi nimekaa hapa nyuma ya mlango nangoja anitaje," alisema. "Mmemfunga, mmemkamua, mkewe analia, na hakunitaja. Ameitwa kwa jina mara nne hakuitikia, kwa sababu yangu. Sasa nyinyi mnataka akili gani zaidi ya hiyo?"

Hapo ndipo Herbert alipolia, mtu mzima na shati la harusi, hakujali. Carol alivuka ua mzima mbele ya wazee akaja kusimama kando yake, na hakuna aliyemkataza.

Rasto alikuwa amesahau kwamba ni mwalimu wa nidhamu. Aliusogelea mlango polepole. "Mama," alisema, "tangu lini?"

"Tangu ile homa ya corona iliponilaza nami. Nimekuita kwa jina la marehemu baba yako mara ngapi, ukadhani nakusifu?" Kisha akaongeza, kabla Rasto hajavuta pumzi, kwamba kuhama hahami.

Rasto alikaa pale pale kizingitini, mgongo kwenye mlango, akasema hatamhamisha. Alisema atakuja yeye kila Jumamosi kupalilia. Waliokuwapo wanasema alikuja kweli, na kwamba mistari ya wimbi ule haijawahi kunyooka kama msimu huo.

Penye wazee haliharibiki jambo, watu husema, lakini wazee wale walinyonya mirija mpaka chungu kikakauka bila kujua wafanye nini na yule mbuzi. Mama mkwe kumlipa mkwe mbuzi, nani amewahi kusikia? Mwishowe wakaamua kila upande utoe mmoja, ili uchafu utoke kotekote. Mbuzi wa Kisoko akapelekwa Kwapa, mbuzi wa Kwapa akapelekwa Kisoko. Wiki mbili baadaye mama Athieno alileta mbuzi mwingine, amesahau kwamba ameshatoa. Carol alitaka kumrudisha na maelezo. Herbert akasema asirudishwe na maelezo, arudishwe kama zawadi, mama afurahi. Mpaka leo wale mbuzi wanakwenda na kurudi, na wameizoea njia.

Baada ya miezi mitatu ikafika zamu ya kupimwa tena, na daktari Ebong alikuwa amewapangia siku moja. Dauda aliwapeleka kwa lori. Mama Athieno alikaa mbele, Herbert nyuma katikati ya trei na mgongo wake umeelekezwa Tororo, maana heshima ni heshima hata ukiwa unakwenda kutolewa damu. Daktari alisema kwamba majibu ya wote kwa pamoja bado, na kwamba baadhi ya watu wanapata nafuu taratibu. Hakuahidi zaidi ya hapo, na Herbert alimpenda kwa hilo.

Wakaingizwa kwenye kile chumba, mama akalazwa nyuma ya pazia baada ya kutolewa damu, Herbert akaketi mezani. Safari hii kila mtu alijua nani yuko wapi. Sakinah akasoma maneno mapya: jembe, barua, mbuzi, kofia, daraja. Akauliza mambo yake, akachoresha saa, akarudi.

Herbert alisema jembe. Akasema mbuzi, hilo hakuna wa kumsahaulisha. Akasema kofia, na baada ya muda mrefu, daraja. La tano likakwama. Alikuna kichwa, alitazama dari, alitazama viatu vyake. Saa ya ukutani ilisikika.

"Mayai," ilisema sauti nyuma ya pazia, kwa hakika kabisa, sauti ya mtu anayemsaidia mwanawe.

Na papo hapo, ajabu, Herbert akakumbuka. Barua. Aliliona lile neno wazi kabisa, na muhuri wake wa zambarau, na kwa mara ya kwanza toka ile homa angepata matano kwa matano. Sakinah alikuwa ameinua kalamu, anangoja.

Lakini mama mkwe habishiwi.

"Mayai," alisema Herbert, na Sakinah akaandika.